Ngoja Nikanyage Kidogo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwapandisha wateja wake kwenye zile baiskeli zisizokwenda popote, Kocha aliwapa mahubiri. Aliwapanga mbele ya kioo kirefu cha jimu, wahasibu, mawakili na mabwana wa bima wenye vitambi vinavyotangulia kuingia mlangoni, akawaambia kwamba ubongo haujitegemei hata kidogo.

"Ubongo unalishwa na miguu," alisema, mikono kiunoni. "Ukikaa, damu inakaa. Damu ikikaa, akili inasinzia. Mtu wa kukaa kutwa leo anasahau funguo, kesho anasahau jina la jirani, keshokutwa anajisahau mwenyewe. Haya, kanyaga!"

Nao walikanyaga, jasho likiwatiririka mpaka sakafuni. Na tuseme ukweli, iliwasaidia. Palikuwa na mhasibu mmoja aliyekuja analalamika kwamba ikifika alasiri tarakimu zinamrukia machoni kama kumbikumbi. Baada ya miezi ya kukanyaga akawa anamaliza hesabu zake mapema na kurudi nyumbani jua lingali juu, hata mkewe akaanza kuuliza huko kazini kumetokea nini. Kocha alipenda sana kumtaja huyo mhasibu. Alikuwa amesomea mambo haya, tena akayaelewa. Alijua jinsi misuli ya mashavu ya miguu inavyoisukuma damu juu, na jinsi ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu inavyonufaika mwili unapofanya kazi. Ungemwamsha usingizini angekueleza bila kukosea.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu wetu alijinyoa, tena vizuri, na akawanyoa mabwana wa bima. Aliyemsahau ni mama yake.

Mama yake alikuwa mshonaji. Mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, walimwita Fundi, na hata wanawe wawili wakitaka kumtania walimwita hivyo hivyo. Mumewe alikufa mapema akamwachia mtoto wa kiume, mtoto wa kike, huyu Kocha wetu, na cherehani ya miguu. Cherehani ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, na kanyagio lake la chuma lilikuwa limelika sehemu mbili, pale nyayo zake zilipokaa miaka yote. Mteja alipimwa mara moja tu. Mabega, kiuno na urefu wa mkono vilikwenda kukaa kichwani kwa Fundi, na siku mteja akirudi anapokewa na maneno, "Wewe, umenenepa. Siku hizi unakula kwa nani?"

Lakini Fundi alikuwa na jambo lake moja. Hakuweza kufikiri ametulia. Mtoto akimletea hesabu ya shule iliyomshinda, aliitazama, akashusha pumzi, akasema, "Ngoja nikanyage kidogo." Anaondoa kitambaa, anainua sindano isiguse kitu, halafu anakanyaga bure, kisigino, vidole, kisigino, vidole, gurudumu linazunguka na macho yameganda ukutani. Baada ya muda miguu inasimama. "Huyu mwenye machungwa umempunja," anasema. "Rudia mstari wa pili."

Kila jambo zito la nyumba ile lilipitia miguuni mwake. Kocha alipomaliza shule akasema anataka kwenda kusomea kufundisha watu mazoezi, kaka yake alicheka akashika mbavu. "Kufundisha watu kukimbia? Kwani hawajui? Walete mbwa tu!" Mama hakucheka wala hakujibu. Alikanyaga mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Kuna siku watu watalipa ili wakimbie wasikokwenda. Nenda kasome, mwanangu." Tangu hapo wote watatu wakawa na msemo wao. Mtu akiulizwa jambo na hana jibu, anasema ngoja nikanyage.

Watoto wakakua, wakafanikiwa. Kaka akawa mkandarasi, akajenga nyumba yenye sebule ya kufanyia mkutano. Kocha akapata jimu. Hapo ndipo watu walipoanza kusema. Mwanadamu ukiwa maskini anakuhurumia, ukipata anakuhesabia. "Watoto wana magari, mama bado anakanyaga cherehani?" Hakuna neno linalomchoma mtoto aliyefanikiwa kuliko hilo. Basi wanawe wakakaa, wakakubaliana kwamba wakati umefika wa kumpumzisha mama.

Walimfanyia sherehe kubwa. Turubai lilifungwa, viti vikapangwa, keki ikaletwa. Kaka akatoa hotuba ndefu kuhusu jasho la mama, na alipofika mwisho akaitoa cherehani mbele ya watu, akachukua mkasi mkubwa wa Fundi mwenyewe, akamwita dada yake. Wakaushika mkasi pamoja, mkono juu ya mkono, kama wakubwa wanavyokata utepe wa daraja jipya, wakaukata ule mkanda wa ngozi unaounganisha kanyagio na kichwa cha cherehani. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Wenye simu wakapiga picha.

Mama alikuwa ameketi katikati yao, amevishwa gauni lililoshonwa na mtu mwingine. Aliutazama mkanda ulioanguka. "Huo mkasi ni wa kitambaa," alisema. "Mkikatia ngozi mtautia butu."

Watu waliangua kicheko. Kocha alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mama akahamia kwa kaka. Alinunuliwa kochi zito, la kumfanya mtu akikaa asionekane ila kichwa. Cherehani nayo ilipakwa vanishi, ikawekwa sebuleni mkabala na kochi, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Wageni waliisifu. Kaka aliwaambia, "Hii ndiyo iliyotusomesha," na wao wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mke wa kaka, wifi yake Kocha, alikuwa mwanamke mwenye akili za kawaida, na akili za kawaida wakati mwingine ndizo zinazotakiwa. Alimwacha mkwewe afanye atakalo. Mama akafagia uani, akaanika nguo, akaenda dukani akarudi na habari za mtaa mzima. Kisha siku moja Kocha akaja bila kupiga hodi ya simu, akamkuta mama ameinama na ufagio.

Moto ukawaka. "Wifi! Mama yangu ndiye mtumishi wako?"

"Mimi mwenyewe ndiye niliyechukua..." Mama alianza.

"Mama, wewe kaa. Nyamaza, kaa." Akamnyang'anya ufagio. "Huyu amekanyaga cherehani miaka yote, leo aje afagie kwa mkwe? Watu watatuonaje?"

Kaka aliitwa, kikao kikafanyika papo hapo. Iliamuliwa kwamba mama hagusi kitu ndani ya nyumba hii. Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. "Sawa," alisema. "Mmesema nyinyi." Kuanzia siku hiyo hata kikombe kililetwa mpaka mkononi, na Kocha kwa upendo wake akamnunulia mama kigoda chenye mto laini cha kuwekea miguu.

Wema hauozi, ndivyo tunavyoambiwa. Aliyesema hivyo hakuwahi kuuona wema wa hawa wawili.

Mama akaanza kusahau. Kwanza mambo madogo, kama ilivyo desturi: kama amekula au hajala, kama leo ni jana. Kisha akawa anamwita mkwewe kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Wanawe walisema ni uzee. Kocha naye alisema ni uzee, yeye aliyekuwa akiwaambia mawakili kila Jumamosi kwamba uzee unasingiziwa mengi.

Siku moja akaja mteja wa zamani kumsalimu, mama mmoja aliyeshonewa nguo zake zote na Fundi tangu usichana. "Shikamoo Fundi, umenikumbuka?"

Mama akamtazama. Midomo ikacheza. "Wewe ni... huyu ni..." Na hapo, juu ya kile kigoda chenye mto, miguu ikaanza kwenda. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Jina likikawia, miguu ikaongeza mwendo, kochi likatikisika, mpaka mgeni akaacha kumtazama usoni akawa anaitazama miguu. Wifi hakujua aweke wapi macho yake.

Ikawa ndiyo hali. Ukimuuliza jambo, miguu inaanza. Wakati mwingine jibu lilikuja, jina likatoka zima zima, naye akatabasamu na miguu ikatulia. Lakini nani aliyekuwa akitazama hilo? Walitazama miguu. "Inatia aibu," kaka alisema. "Wageni wanadhani ana kifafa."

Wakampeleka kwa daktari, ndugu wote wawili. Daktari alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Aliuliza maswali yake, na mojawapo lilikuwa kama mgonjwa anafanya mazoezi yoyote au kazi ndogondogo za nyumbani.

"Daktari," Kocha alijibu, na kifua kilimpanda kwa fahari, "mama yetu hanyanyui hata kikombe."

Daktari alimtazama kidogo. "Ingefaa awe anatembea."

"Gari ipo," kaka alidakia. "Kila Jumapili tunamzungusha. Sisi tatizo letu ni hii miguu. Hakuna dawa ya kuituliza?"

Dawa ya kutuliza ipo, na mtu akiing'ang'ania ataipata. Daktari aliandika. Kocha, kwa kuwa ndiye mjuzi wa mambo ya mwili katika ukoo, akajitwika kazi ya kuzinunua tembe na kumpa mama kwa mkono wake kila alipoweza. "Meza, mama. Upumzike." Mama alimeza. Haukupita muda wifi akampigia simu. "Imetulia," alisema. Kocha alimshukuru Mungu.

Miguu ilipotulia, mama naye akatulia. Hakutafuta tena jina la mtu. Aliyeingia alitabasamiwa, aliyetoka alitabasamiwa. Watu wakasema mama amepata amani.

Sasa Jumamosi moja Kocha alitoka jimu baada ya mahubiri yake, akapita duka la dawa, akachukua tembe za mama. Zipu ya koti lake la mazoezi ilikuwa imekatika, na pembeni ya duka lile, barazani, palikuwa na fundi wa kike na cherehani yake ya miguu. Simu imebanwa kati ya bega na sikio, umbea unaendelea, mikono inashona. Alilipokea koti bila kukata mazungumzo, akaonyesha kwa kidevu benchi la kusubiri.

Benchi lilikuwa fupi. Kocha alipokaa, macho yake yakawa sawa na magoti ya yule fundi, basi akaitazama miguu, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Aliitazama kama kocha. Shavu la mguu linajikaza, linalegea. Kifundo kinacheza vizuri. Akasema moyoni kwamba zoezi hili ni zuri, mtu anaweza kwenda nalo kutwa nzima bila kuchoka, na damu lazima ifike juu. Hata akawaza awaambie wale mabwana wa bima, wacheke kidogo.

Kisigino, vidole. Kisigino, vidole.

Pakiti ya dawa ilikuwa mapajani mwake. Aliishika kwa mikono miwili. Mwendo ule aliujua. Alilala kwa mwendo ule utoto wake wote. Na aliuona tena juzijuzi hapa, juu ya kigoda alichokinunua mwenyewe, akauita ugonjwa. Mama hakuwa anatetemeka. Mama alikuwa anafikiri. Kila walipomuuliza jambo aliwajibu kwa njia pekee aliyobaki nayo, ngoja nikanyage kidogo, na binti yake, anayekula kwa kuwapigia watu kelele wakanyage, akamnunulia dawa ya kumzuia.

Hakulia. Aliitia ile pakiti mfukoni.

"Samahani," alimwambia yule fundi, "una mkanda wa cherehani wa akiba?"

Fundi akaondoa simu sikioni kwa mara ya kwanza. "Upo. Kwani dada na wewe unashona?"

"Mama yangu."

"Aa! Bado yuko kazini?"

Kocha alipokea mkanda akaondoka. Koti lake alilisahau mezani, na fundi alimwita mara kadhaa bila kuitikiwa.

Nyumbani kwa kaka, wifi ndiye aliyefungua mlango. Kocha hakumsalimu. "Mmemkalisha tu hapa," alisema, sauti inapanda. "Kutwa kucha mmemkalisha, hakuna hata mmoja aliyemwambia ainuke! Wewe unashinda naye, wifi, wewe hukuona?"

Wifi alifuta mikono kwenye kanga. "Wifi," alisema, "ufagio uko palepale nyuma ya mlango. Ulipomnyang'anya ndipo nilipouweka." Akampisha apite.

Kaka alikuwa akitazama mpira. Mama yuko kwenye kochi lake, kichwa tu. Kocha aliondoa maua ya plastiki, akayaweka sakafuni, akapiga magoti nyuma ya cherehani.

"We, unafanya nini?" kaka alisema. "Taratibu, utakwaruza vanishi."

Kocha alijaribu kulizungusha gurudumu. Vanishi ilikuwa imeligandisha. Alikwenda jikoni akaleta mafuta ya kupikia, akayadondoshea penye vyuma, akalisukuma mpaka likakubali. Akapitisha mkanda mpya alivyomwona mama akipitisha, akaukaza. Gurudumu likalia, likazunguka. Kaka akapunguza sauti ya televisheni, akaitazama cherehani, kisha akaitazama picha ya sherehe iliyotundikwa ukutani, yeye na dada yake wameshika mkasi.

"Mama, njoo," Kocha alisema.

Alimwinua. Kazi yake ni kupima miili kwa macho, hakuweza kujizuia. Mashavu ya miguu yalikuwa yameisha, imebaki ngozi na mfupa. Alimkalisha kwenye kiti mbele ya cherehani, akachuchumaa, akaziweka nyayo zake moja baada ya nyingine pale palipolika. Zilienea barabara, kama kiatu chake mwenyewe.

"Kanyaga, mama."

Mama alimtazama kwa upole.

"Kanyaga kidogo tu." Akalizungusha gurudumu kwa mkono. Kanyagio likaenda, nayo miguu ikaenda juu yake, ikapanda na kushuka. Uso wa Kocha ukafunguka. "Hivyo hivyo! Hivyo hivyo, mama!" Akaachia gurudumu. Kanyagio likasimama, miguu ikasimama. Akazungusha tena, akaachia tena. Miguu ilikuwa abiria tu.

"Mama," alisema, na sasa sauti ya jimu ilikuwa imemwishia yote, "si unakumbuka? Ngoja tukanyage kidogo."

Mama aliinamia cherehani. Aliigusa meza yake, akapitisha kidole kwenye vanishi, akatazama kama kuna vumbi. Kisha akaushika mkono wa fulana ya Kocha, akakisugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, kama afanyavyo mteja anayeulizia.

"Cherehani nzuri," alisema. "Fundi yuko wapi?"

Wifi aligeuka akaingia jikoni.

"Ametoka, mama," Kocha alisema mwishowe.

"Atarudi?"

Kocha aliitazama miguu juu ya kanyagio.

"Basi nitamngoja." Mama akaiondoa miguu yake kwenye kanyagio, mmoja mmoja, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuharibu mali ya mwenzake, akaipanga sakafuni na kuilaza mikono mapajani. "Mimi sina haraka. Wanangu wamenipumzisha."